Kijana akitolewa kwenye mchujo wa mita 800, msimzike: uzi kuhusu mbio za masafa ya kati na vijana wa Unguja na Pemba

Mleta uzi:

Assalamu alaykum wanajukwaa.

Nimeufungua uzi huu kwa sababu ya maneno ninayoyasikia barazani na kuyasoma mitandaoni kila kijana wetu anapokwenda kukimbia nje akarudi bila ya kufika fainali. Huambiwa kwamba alikwenda kutalii, kwamba ametutia aibu, kwamba nafasi ile ilikuwa ya mwengine. Baada ya hapo hatajwi tena, na mara nyingi mwenyewe huacha kukimbia kabla hata mwili wake haujakomaa. Hoja yangu ni hii: katika mita 800 na mita 1500, kutolewa kwenye mchujo ukiwa na miaka kumi na tano, kumi na nane au kumi na tisa ni jambo lililowapata mabingwa wakubwa kabisa, na wa kulaumiwa ni sisi tunaompeleka kijana mara moja kisha tukamsahau.

Tuanze na mtu wa nchi hii. Filbert Bayi alikwenda Olimpiki ya Munich mwaka 1972 akiwa na miaka 19, akakimbia mita 1500 na mita 3000 za kuruka viunzi na maji, na kote kuwili akaishia kwenye mchujo. Lau mitandao ingekuwapo siku zile, sote tunajua angeandikwa nini. Januari 1973, mjini Lagos, akamshinda Mkenya Kipchoge Keino, bingwa wa zamani wa Olimpiki, katika mita 1500 za Michezo ya Afrika. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, aliongoza tangu bastola ilipolia mpaka mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16. John Walker wa New Zealand, aliyekuwa akimfukuza mbele ya watu wake mwenyewe, alimaliza kwa 3:32.52, naye pia alikuwa chini ya rekodi ya zamani ya Jim Ryun wa Marekani, lakini hakupata zaidi ya nafasi ya pili. Bayi alikuwa na miaka 20. Kiwango cha kuingilia Mashindano ya Dunia ya Tokyo ya mwaka 2025 katika mbio hizo kwa wanaume kilikuwa 3:33.00, maana yake ni kwamba muda uliowekwa na Mtanzania miaka 51 kabla ungetosha kumfikisha Tokyo bila ya kuomba nafasi kwa mtu.

Wakenya tunaowaona kama kwamba walizaliwa mabingwa nao wana habari zao. Faith Kipyegon alikuwa bingwa wa dunia wa vijana wa mita 1500 mjini Barcelona mwaka 2012. Wiki chache baadaye, kwenye Olimpiki ya London, hakuvuka mchujo wa kwanza. Hivi leo ana dhahabu tatu za Olimpiki katika mbio hizo hizo, za Rio, Tokyo na Paris, pamoja na rekodi ya dunia ya 3:48.68 aliyoiweka mjini Eugene, Marekani, mwezi Julai 2025. David Rudisha naye alitolewa nusu fainali ya Mashindano ya Dunia ya Berlin mwaka 2009. Mwaka uliofuata, ndani ya wiki moja ya mwezi Agosti, aliivunja rekodi ya dunia ya mita 800 mara mbili, na mwaka 2012 akaishusha mpaka 1:40.91, muda ambao hakuna aliyeufikia tangu hapo.

Ninayemtaka zaidi mumfikirie, hata hivyo, ni Maria Mutola wa Msumbiji, kwa sababu yeye ni mtu wa pwani kama sisi. Alizaliwa mwaka 1972 katika mtaa wa kimasikini wa Maputo, mji uliopo ukingoni mwa Bahari ya Hindi hii hii, na utotoni alikuwa akicheza mpira pamoja na wavulana. Mwaka 1988, akiwa na miaka 15 tu, alipelekwa Olimpiki ya Seoul. Alikimbia mita 800 kwa 2:04.36 na kuwa wa mwisho katika mchujo wake. Nchi yake wakati huo ilikuwa vitani, na sidhani kama kuna ambaye angewalaumu wakubwa wa michezo wa Maputo lau wangesema kwamba fedha za safari hiyo zimepotea bure. Hawakumwacha. Mwaka 1991 alipata ufadhili wa Mshikamano wa Olimpiki, mfuko wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki wa kusaidia wanamichezo, wa kwenda kusoma na kufanya mazoezi Oregon, Marekani, na mwaka huo huo akashika nafasi ya nne katika Mashindano ya Dunia ya Tokyo. Mwaka 1993 akawa bingwa wa dunia mjini Stuttgart. Mwaka 1996, Atlanta, shaba. Mwaka 2000, Sydney, dhahabu kwa 1:56.15, ya kwanza ya Olimpiki kwa Msumbiji. Kutoka Seoul mpaka Sydney ni miaka 12, na katika miaka yote hiyo alikuwa akikimbia umbali ule ule.

Sasa niseme kwa nini mbio hizi zinataka muda mrefu namna hii. Mita 100 ni njia yako na mguu wako. Marathoni ina masaa mawili ya kusahihisha. Katika mita 800 mnakimbia kila mtu katika njia yake mpaka mwisho wa kona ya kwanza, hapo mnafika kwenye mstari wa kuachia njia, na watu wanane wote wanaelekea sehemu moja ya ndani kwa kasi inayokaribia ya mbio fupi. Upana wa njia moja ni mita 1.22. Ukikosa nafasi ya ndani na ukalazimika kukimbia kona katika njia ya pili, kila kona inakuongezea karibu mita 3.8. Kona zilizobaki baada ya mstari ule ni tatu, kwa hiyo kijana asiyejua kujipanga anaweza kukimbia zaidi ya mita 811 ilhali wenzake wamekimbia 800, na kwa mwenye uwezo wa 1:50 hiyo ni kama sekunde moja na nusu aliyoigawa sadaka. Hakuna mazoezi ya pumzi yatakayoirejesha. Kwenye fainali ya Olimpiki ya Paris, tarehe 10 Agosti 2024, Emmanuel Wanyonyi wa Kenya alimshinda Marco Arop wa Kanada kwa 1:41.19 dhidi ya 1:41.20; kwa mwendo ule, sehemu moja ya mia ya sekunde ni kama upana wa kiganja.

Kisha kuna raundi. Kwenye mashindano makubwa hukimbii mara moja ukapewa medali. Unakimbia mchujo, unapumzika usiku, unakimbia nusu fainali, kisha fainali, na Paris waliongeza hata raundi ya kuwaokoa walioshindwa kwenye mchujo. Wanyonyi huyo tunayemwona alipanda ngazi moja moja: bingwa wa dunia wa vijana Nairobi mwaka 2021, wa nne kwenye Mashindano ya Dunia Eugene 2022, fedha Budapest 2023, dhahabu Paris akiwa na miaka 20, kisha dhahabu ya Mashindano ya Dunia Tokyo 2025. Kabla ya hayo alikuwa mtoto aliyeacha skuli akachunga ng'ombe. Alichokipata ambacho wetu hawakipati ni mbio. Mwaka baada ya mwaka, mbio za ushindani na watu wanaomzidi.

Kijana wetu hukimbia mashindano ya skuli, akashinda kwa mita arubaini, akashangiliwa, akakaa mpaka mwaka ujao. Siku anayosukumwa kiwiko kwa mara ya kwanza katika maisha yake inakuwa ndiyo siku ya mashindano ya kimataifa.

Naomba michango yenu.

---

Mkaazi wa Wete:

Sheikh, umesema vizuri, lakini naona umelipita mbio mbio jambo kubwa kuliko yote. Ukimwondoa huyo Mutola, mabingwa wote uliowasifu wamelelewa juu. Karatu kwa Bayi ni juu, Bonde la Ufa ni juu, Iten ya Kenya iko karibu mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Sisi ukipanda kilima chetu kirefu cha mikarafuu bado unaisikia bahari. Hewa yenyewe haitufanyi tuwe na damu ya namna ile. Huoni kwamba tunawadanganya watoto?

---

Mleta uzi:

Ndugu yangu wa Wete, hoja yako ina uzito na nisingependa kuipuuza. Ni kweli kwamba anayeishi juu mwili wake hutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi za damu, na chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni. Faida hiyo ni kubwa katika mita 10,000 na marathoni. Katika mita 800, kiasi cha theluthi moja ya nguvu inayotumika hutoka kwenye misuli bila ya kutegemea oksijeni, na hapo mwenye kasi ya asili na ubishi wa miguu anapata nafasi yake hata kama amezaliwa Micheweni.

Mifano ya watu wa chini si Mutola peke yake. Sebastian Coe alikulia Sheffield, Uingereza, ambako hakuna mlima wa kufikia urefu wa Iten, na mwaka 1981 aliweka rekodi ya dunia ya 1:41.73 iliyokaa mpaka mwaka 1997. Keely Hodgkinson, aliyechukua dhahabu ya mita 800 Paris, ni mtoto wa kandokando ya Manchester. Hao wa chini hupanda juu kwa kambi za wiki kadhaa kisha wakashuka, na nchi yetu inazo sehemu za kufanyia hivyo: Karatu yenyewe, Mbulu, Arusha. Kwa hiyo urefu wa ardhi ni jambo la nauli na mipango. Isitoshe, vilima vya Pemba unavyovidharau vinatosha kabisa kujenga nguvu za mapaja, na ufukwe wakati maji yametoka ni mgumu wa kutosha kukimbilia peku.

---

Mama wa Kiembesamaki:

Mimi si mtaalamu wa riadha ila nina binti wa kidato cha pili ambaye walimu wake wananiambia ana mbio. Nasema ukweli wangu: nimemzuia. Sababu si kwamba sitaki ashinde. Nafikiria mavazi, nafikiria safari za usiku kwenye boti pamoja na wavulana, nafikiria kocha mwanamme nisiyemjua ukoo wake, na nafikiria mtihani wake. Kaka uliyeleta uzi umezungumza habari za viwiko na njia, lakini kwetu sisi kina mama mchujo wa kwanza ni huo.

---

Mleta uzi:

Dada yangu, ahsante kwa kusema wazi, maana hili tungelikwepa tungekuwa tunazungumza nusu ya jambo.

Kuhusu mavazi, kanuni za riadha zinataka nguo iwe safi na isiwe ya kukera. Hazimkatazi mwanamke kujisitiri wala kufunika kichwa. Kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, Sarah Attar wa Saudi Arabia alikimbia mita 800, umbali huu huu tunaouzungumza, akiwa amejifunika kichwa, mikono na miguu. Alimaliza wa mwisho, mbali kabisa nyuma ya wenzake, na uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi. Na Paris, Sifan Hassan wa Uholanzi alipanda jukwaani kuchukua dhahabu yake ya marathoni akiwa na hijabu. Mwenye kusema kwamba mchezo huu haumtaki mtoto wa Kiislamu ana ajenda nyengine.

Kuhusu safari na kocha, hapo sina la kukubishia. Timu yoyote inayochukua wasichana bila ya mwanamke mzima mwenye dhamana, anayejulikana na wazazi, haistahili kupewa mtoto wa mtu, na ningekushauri uulize swali hilo kabla ya kuuliza la viatu. Uliza pia kama utaruhusiwa kuhudhuria mazoezi. Kocha anayekereka kwa mzazi kukaa ukingoni mwa uwanja ameshakujibu.

Nina jambo moja la kuongeza ambalo wanaume wengi hatulisemi. Msichana wa miaka kumi na nne mpaka kumi na saba mwili wake unabadilika, na kuna mwaka mmoja au miwili ambayo muda wake unaweza kusimama au kurudi nyuma hata akijitahidi vipi. Huo si uvivu. Kuna makocha ambao wakiona hivyo huanza kumpima uzito na kumnyima chakula, na matokeo yake ni mifupa kuvunjika na hedhi kukatika. Binti yako akila vizuri, akilala, na akaendelea kukimbia bila ya kushurutishwa, kasi hurudi. Hodgkinson na Athing Mu wa Marekani walichukua fedha na dhahabu ya mita 800 ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 wote wakiwa na miaka 19, kwa hiyo hata mtihani wa kidato cha nne unaweza kupita kwanza na bado mlango ukawa wazi.

---

Maalim wa michezo, Mkoani:

Nimefurahi kuona mtu ameandika habari ya kujipanga, kwa sababu mimi nafundisha hayo kila wiki na baadhi ya wazee wananiona kama nawapotezea watoto muda.

Kiwanja chetu ni cha majani. Nimekipima kwa kamba na kukipiga chokaa, na mzunguko uliopatikana haufiki mita 400, lakini kona zipo na kona ndizo ninazozitaka. Nawapanga watoto wanne: mmoja mbele, mmoja pembeni kulia, mmoja nyuma, na wa nne nimemfungia ndani kabisa, karibu na chokaa. Kazi yake ni kutoka bila ya kusukuma. Mwanzoni wote hufanya kosa moja, wanajaribu kupenya pale pale, wanakanyagana na kuanguka. Anayejifunza hupunguza nusu hatua, anamwacha wa pembeni apite, anatoka nje kwa nyuma yake, na anafanya hivyo kwenye sehemu iliyonyooka, si kwenye kona.

Niwape kisa kimoja. Nina mtoto mmoja ambaye akikimbia peke yake saa yangu inaniambia mambo makubwa. Mara ya kwanza nilipomweka kundini, mwenzake alimgusa bega kwenye kona. Mtoto yule akageuza kichwa, akapunguza mwendo na kusema "samahani". Malezi mazuri kabisa, nisingependa ayapoteze, lakini mpaka alipomaliza kuomba radhi wenzake watatu walikuwa wameshampita. Sasa tunamfundisha kwamba samahani husemwa baada ya kumaliza.

Swali langu kwa mleta uzi: kwa mtoto wa miaka kumi na tano, nimkimbize kiasi gani? Wapo wanaoniambia nimfanyishe mazoezi ya Wakenya.

---

Mleta uzi:

Maalim, kisa cha samahani nimekisoma mara mbili na kucheka peke yangu. Hicho ndicho nilichotaka kukisema kwa maneno mengi.

Kuhusu swali lako, mazoezi ya Wakenya tunayoyasikia ni ya watu wazima waliokwisha kujenga miguu kwa miaka mingi ya kutembea na kukimbia. Mtoto wa miaka kumi na tano akipewa mzigo ule atashinda kila kitu mwaka huu, na mwaka wa tatu atakuwa na ugoko unaouma asubuhi na jioni. Ningependa umri huo akimbie umbali wote, kuanzia 200 mpaka 3000, acheze mpira, apande vilima mara moja kwa wiki, na mazoezi makali ya kukata pumzi yawe machache. Akifika miaka kumi na saba au kumi na nane ndipo umwongezee, na hapo ndipo utakapojua kama yeye ni wa 800 au wa 1500, kwa sababu wengi hudhani wanajua mapema mno. Mwezi wa Ramadhani usiwasimamishe kabisa. Mwendo mwepesi muda mfupi kabla ya kufuturu unatosha, na kama kuna mazoezi makali yahamie baada ya tarawehe, maji yakiwa yameshanywewa.

Mfundishe pia kwamba muda si kila kitu. Kwenye fainali ya mita 1500 ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, Matthew Centrowitz wa Marekani alishinda kwa 3:50.00. Mwezi uliofuata, pale pale Rio, kwenye Michezo ya Olimpiki ya walemavu, wakimbiaji wanne wenye uoni hafifu walimaliza fainali yao kwa muda mdogo kuliko huo. Waliokuwa nyuma ya Centrowitz walikuwa na uwezo wa kukimbia kwa kasi kubwa zaidi, lakini walimwachia ashike mbele, wakaenda pole pole, na mzunguko wa mwisho ulipogeuka kuwa mbio fupi yeye ndiye aliyekuwa amekaa mahala panapostahili. Kuna siku ya kukimbia kama Bayi na kuna siku ya kukimbia kama Centrowitz, na kijana wa mashindano inampasa aziweze zote mbili ndani ya wiki moja.

---

Muuza duka, Darajani:

Mnajadili mambo ya mbinguni. Fedha za tiketi zinatoka wapi? Mpira una watu, una viingilio, una wadhamini. Riadha inampeleka mtoto mmoja Ulaya anakimbia dakika mbili anarudi. Kwa dakika mbili hizo ningenunulia skuli nzima madawati. Na hata akishinda, bendera si yetu peke yetu.

---

Mleta uzi:

Bwana wa Darajani, nianze na la bendera kwa sababu ni fupi. Zanzibar haina uanachama wake katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki wala katika Shirikisho la Riadha la Dunia, kwa hiyo kijana wetu hukimbia kwa jezi ya Tanzania, na ili aivae inambidi awashinde wenzake wa Bara kwanza. Hata kwenye mpira tulioutia mioyoni, uanachama wetu wa CAF wa mwaka 2017 ulidumu miezi michache tu. Mimi binafsi sioni hasara yake kwa mkimbiaji. Kuwashinda wa Bara ni daraja zuri la kupandia; mwezi Septemba 2025 Alphonce Simbu alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo, Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu hiyo, na alimshinda Mjerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde baada ya kilomita 42. Mtu anayetoka kisiwani akafanya mazoezi katika nchi yenye watu hao hajapungukiwa.

La fedha ni zito zaidi, na sehemu yake nakuunga mkono. Sikubaliani na kumpeleka Ulaya kijana ambaye hajawahi kukimbia Dar es Salaam. Boti ya kwenda Dar ni nafuu, basi la kwenda Nairobi si ghali kama ndege, na katika mji huo wikendi moja ya mashindano ya kawaida inaweza kumkutanisha na vijana ambao kila mmoja angekuwa bingwa wa Zanzibar. Fedha ya tiketi moja ya Ulaya ingempeleka huko mara kadhaa. Nikichagua mimi, ningemnyima ile safari moja kubwa mpaka awe amekimbia mbio ndogo za kutosha, amefungiwa ndani, ameanguka, amefika wa saba na akarudi tena. Ndipo apelekwe kwenye mashindano ya vijana ya dunia, ambayo huwachukua wa miaka 16 mpaka 19, na hapo akitolewa kwenye mchujo, apelekwe tena kwenye yanayofuata kama umri unaruhusu.

Ila hili la "anakimbia dakika mbili anarudi" sikuachii. Mutola alikimbia Seoul dakika mbili na sekunde nne.

---

Mkaazi wa Wete:

Kwa hapo nimekuelewa, na la Karatu nimelikubali. Sasa tufanye nini, tusiishie kuandika tu?

---

Mleta uzi:

Napendekeza jambo dogo tunaloweza kulifanya bila ya kusubiri bajeti ya mtu. Maalim wa Mkoani na walimu wengine wa Unguja na Pemba mlio humu, wekeni hapa nyakati za mita 800 na mita 1500 za mashindano yenu ya skuli, kila mwaka, kwenye uzi huu huu. Majina ya watoto msiyaandike, kwani wengi hawajafika miaka kumi na nane na humu kila mtu anasoma. Andikeni umri, jinsia, wilaya na muda. Andikeni pia kama kiwanja kilipimwa au kilikisiwa, kama ni majani, mchanga au tartani (sakafu ya kisasa ya kukimbilia), na kama saa ilikuwa ya mkononi. Na muhimu kuliko yote, andikeni walikimbia wangapi kwa pamoja na aliyeshika nafasi ya pili alikuwa umbali gani nyuma, maana 2:02 ya kijana aliyekuwa na watu watatu mgongoni inanipa matumaini makubwa kuliko 1:59 ya aliyekuwa peke yake.

Dada wa Kiembesamaki, binti yako akikimbia siku ya michezo ya skuli nawe ukawa ukingoni, lete na wake.